Msitu wa Koridoo

Madam Hind alinitumia ujumbe wa sauti wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, nikiwa nimeinama nasugua sufuria nyuma ya nyumba yangu hapa Voi. Tangu niondoke kwake sikuwa nimesikia sauti yake, na bado mgongo wangu ulinyooka wenyewe kabla sijajua ni nani, mikono ikajifuta kwenye leso. Alisema mama yake amefariki. Hakulia. Akaendelea kwa kile Kiarabu cha polepole alichokuwa akinisemesha mimi tu: "Dorkasi, nataka kukuuliza kitu. Mpaka mwezi wa mwisho mama alikuwa anatembea kwenye koridoo kila alasiri. Anasimama kwenye kila mlango, anaugusa, anaunusa. Tukimuuliza, anacheka. Wewe na mama mlikuwa mnafanya nini pale?"

Sijamjibu. Nilitafuta kwanza daftari la mwaka ule, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikalikuta chini ya godoro na limeliwa kona moja na mchwa. Mimi niliishia darasa la nane, na mwandiko wangu wa wakati ule ulikuwa wa mtu anayeandika huku akisikiliza kama ameitwa. Siku nyingine kuna mstari mmoja tu: "Leo nimepiga pasi." Kwa hiyo haya ninayoyaandika sasa, mengine yamo daftarini na mengine yamo kichwani, na sina hakika kichwa changu kimekuwa mwaminifu. Nitajaribu. Mtu akifa hawezi kukurekebisha, na hilo linanitia woga zaidi kuliko kama angekuwa hai akinisoma.

Yaliyonipeleka Saudia nayaruka, kila mtu ana yake na yanafanana. Mwaka ninaoukumbuka ulianza mkataba wangu ulipokwisha. Miaka miwili ilitimia, nikapanga mifuko yangu kwenye kile chumba changu kando ya mashine ya kufulia, pale Al-Malqa, Riyadh, nikangoja kuambiwa siku ya ndege. Niseme ukweli wa chumba kile: kilinukia sabuni mchana kutwa na dirisha lake lilitazama ukuta, lakini kilikuwa na ufunguo, na ufunguo nilikaa nao mimi. Kwa nilivyosikia ya wenzangu, hilo halikuwa jambo dogo. Hawakunipiga. Mshahara ulifika. Ila pasipoti ilikuwa kwa Baba, mume wa Madam, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, na bila karatasi yake ya ruhusa mtu hatoki nchi ile. Madam aliniambia ningoje Ramadhani ipite. Ilipopita, akasema Haji. Ikapita Haji, akasema watoto wafungue shule kwanza. Kila mara alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichosha, maana huwezi kugombana nao.

Sababu ilikuwa mama yake, Sitti kama tulivyomwita wote, yaani bibi. Alianguka akavunjika nyonga, daktari akaiunga vizuri, akasema mfupa umepona na sasa ni yeye tu kutaka kutembea. Hakutaka. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu chumbani kwake, chumba cha kwanza kwenye koridoo, pamoja na sanduku kubwa la msaji alilokuja nalo kutoka Jeddah. Baba yake alikuwa seremala kule, wa yale madirisha ya mbao yaliyochomoza nje ya nyumba za zamani, yenye nakshi za kutazama barabarani bila kuonekana. Asubuhi aliniambia nifunue sanduku, akaingiza uso ndani, akavuta pumzi. "Jawa," alisema. "Mbao hii ilitoka Jawa, ng'ambo ya bahari." Nyumba nzima aliijua kwa pua. Meza ya Baba ya kulia, iliyokuwa ya gharama, aliidharau: "Vumbi la mbao na gundi. Ikilowa, uji."

Uji ndio kosa langu. Alipotoka hospitali hakuwa anakula, nikamkorogea uji wa unga wa mtama wa dukani, nikautia ndimu na sukari, mwembamba, kama tunavyompa mgonjwa kwetu. Akanywa bakuli zima. Kuanzia siku ile hakula kwa mkono wa mtu mwingine, hakuoga kwa mkono wa mtu mwingine. Madam alinikumbatia jikoni. Mimi nikafurahi, mjinga mimi, sikujua kwamba najifungia mlango. Wengi wetu tulifanya kosa hilo. Ukifanya kazi vibaya unarudishwa kwa matusi. Ukifanya vizuri sana hurudishwi.

Siku moja nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nangoja kahawa ichemke, nikawasikia wakiongea sebuleni. Hawakujua Kiarabu changu kimefika wapi.

"Amemaliza mkataba zamani, Hind," Baba alisema. "Mimi namwogopa Mungu."

"Mwogope. Na mama yangu ataogeshwa na nani? Na wewe?"

Baba akacheka kidogo. "Basi mama akisimama kwa miguu yake, msichana aende kwao. Halas."

"Akisimama," Madam akasema, kama mtu anayesema punda akiota pembe.

Niliandika maneno yale daftarini usiku, neno kwa neno, na tarehe, kama mkataba mpya. Hawakuniambia mimi, waliambiana wao, lakini sikuwa na karatasi nyingine ya kushika. Kesho yake nikaanza kumfundisha Sitti kutembea. Nataka hili lieleweke, hasa na watoto wangu ambao hupenda kusema mama alikuwa na moyo mzuri: sikumfundisha kwa upendo. Nilimfundisha ili niondoke.

Hakunirahisishia. "Nitembee niende wapi?" aliniuliza. "Jikoni? Jikoni nimesimama miaka hamsini, napajua." Nilimbembeleza wiki mbili, hola. Kisha mjukuu wake Fahad, mtoto mkubwa wa Madam aliyekuwa anasoma California, akatuma video. Alikuwa anatembea kwenye njia nyembamba katikati ya miti ambayo simu ilishindwa kuionyesha yote. Aliinua simu, akainua, akainua, na bado ilikuwa shina tu. Redwudi, alisema, mingine ina zaidi ya miaka elfu. Sitti alinyang'anya simu mkononi mwa Madam. Akaitazama mara tatu. Halafu, wallahi sitanii, akaisogeza puani.

Madam alicheka mpaka akakaa chini. Sitti hakucheka. Walipoondoka aliniuliza, "Ya binti, kwenu kuna msitu?"

Nikamwambia mimi nimezaliwa chini ya msitu, milima ya Taita, tulikuwa tunapitia humo kwenda kuteka maji.

"Mti ulio hai unanukaje?"

Nani huulizwa hivyo? Nikasema inategemea, asubuhi unanuka kama udongo, ukikwaruza gome unanuka vingine. Akashusha pumzi. Alisema baba yake alipokea magogo bandarini yakiwa tayari yamekatwa, na maisha yake yote ameishi kati ya mbao, lakini mti mkubwa uliosimama, wa kuegemea, hajawahi kuuona. Jeddah ya utoto wake ilikuwa na mchanga na mbuzi.

"Basi twende ukauone," nikasema.

"Kwa miguu ipi?"

"Hiyo hiyo."

Koridoo ile ilikuwa na milango saba, na tukaifanya njia ya msituni. Mlango wake ulikuwa mti wa kwanza, wa stoo mti wa pili, mpaka wa saba, wa chumba cha Madam na Baba, mlango mkubwa wa mbao halisi. Sheria aliitunga yeye: tukifika mti tunasimama, tunaugusa, tunaunusa, na lazima aseme neno juu yake. "Huu bandia." "Huu wameupaka rangi kuficha aibu." Mwezi wa kwanza tuliishia mti wa pili, nimemshika kiwiko, jasho linamtoka kwenye nywele. Mimi nilimhadithia njia: hapa pana kijito, inua mguu, hapa kuna tope, polepole. Nilikuwa naitoa Taita yote kichwani kwangu na kuitandika juu ya marumaru ya watu. Siku aliyofika mti wa tano alinitukana matusi mazuri ya Jeddah, ya furaha, ambayo siwezi kuyaandika.

Halima, Mkenya mwenzangu wa Likoni, alifanya kazi jumba la pili, na paa zetu zilipakana. Tuliongea tukianika nguo.

"Yaani wewe," alisema, pini za nguo mdomoni, "unamfundisha mama wa watu kutembea ili wewe ukimbie?"

"Sikimbii. Naenda."

"Aki Dorkasi. Wenzako wanaruka ukuta, wanakwenda kujibanza mtaa wa Shumaisi na vitambulisho vya uongo. Wewe unafungua kliniki!"

Nilicheka, lakini maneno yaliniuma, kwa sababu kulikuwa na jambo nisilolielewa. Kwenye koridoo tukiwa wawili, Sitti alifika mti wa sita. Madam akija kuangalia, magoti yanamlegea, nusura aanguke, Madam anapiga kelele, "Mafi, mafi, hawezi, mkalishe!" Nilidhani ni haya. Mtu mzima hapendi mtoto wake amwone akijifunza kitu. Ndivyo nilivyoandika: "Anaona haya."

Baada ya Idi ya Ramadhani iliyofuata, Baba alikubali familia iende kwa Fahad, na mimi niende kusukuma kiti. Halima alinishika mikono kupitia ukuta wa paa: "Ukifika Amerika, potea." Sikupotea. Sijidai mwema. Nilitaka kwetu, sikutaka nchi nyingine ya kujificha.

Fahad alituendesha saa nyingi, barabara inapinda juu ya bahari, Madam anatapika kwenye mfuko, mimi namshikia. Tuliposhuka, kitu cha kwanza kilikuwa sauti zetu kupungua. Hakuna aliyetuambia. Wale wasichana wawili wadogo wa Madam, waliogombania chaja tangu asubuhi, walianza kunong'ona kama wako msikitini. Jua lilikuwa huko juu likifanya mambo yake, chini kwetu kulikuwa na mwanga wa kijani kama wa ndani ya chupa. Ukungu ulidondoka kutoka kwenye majani tone moja moja, mvua ya msitu peke yake, maana barabarani hapakuwa na mvua. Kangaga zilifika kifuani. Magome yalikuwa mekundu, yenye nyuzi kama makumbi ya nazi, na mti mmoja ulikuwa umeungua tumboni zamani, shimo la kuingia watu kumi, na bado juu ulikuwa na majani mabichi. Njia ilikuwa ya mbao zilizopangwa, kiti kikateleza vizuri. Fahad alitusomea kibao: tafadhali msiache njia, mizizi ya miti hii haiendi chini sana, imetandaa karibu na uso wa ardhi, na miguu ya watu huiumiza.

"Mti mkubwa hivi," Sitti akasema, "unaogopa miguu yangu mimi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Mbao zilipoishia ikaanza njia ya udongo, na pale pale Madam akaona konokono asiye na nyumba, wa manjano, mrefu kama kidole. Alipiga ukelele ambao nadhani miti ile haikuwahi kuusikia. Watoto walikuwa wanatetemeka kwa baridi. "Yalla, mama ameona, yatosha, turudi garini."

"Tangulieni," Sitti akasema. "Mimi nitakaa na hawa kidogo."

Fahad akawarudisha mama yake na dada zake, Baba akiwa mbele na kamera, akasema atatufuata baada ya nusu saa. Walipopotea kwenye kona, Sitti alitoa shali magotini, akaikunja mara nne, akanipa. Akasimama. Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko kama siku zote, na mkono wangu ukabaki hewani, kwa sababu alikuwa ameshakwenda.

Alitembea. Hakuvuta mguu. Alifika kwenye gogo lililoanguka zamani, walilolikata katikati ili njia ipite, akaweka kidole kwenye duara za ndani na kuanza kunisomea kama barua. "Huu mwaka wa mvua, tazama ulivyo mpana. Hii miaka ya shida. Mitano, sita, myembamba kama uzi. Halafu tena mvua." Kisha akaenda kwenye mti mzima uliosimama ukigusa njia, akauegemea kwa paji la uso, akaunusa kwa muda mrefu, vile mtu anavyonusa utosi wa mtoto.

"Ya binti," alisema bila kugeuka, "miaka sabini nimelala na maiti, nikidhani naijua miti."

Nilikuwa nimeshika shali. Nikasema, "Sitti, unatembea."

"Natembea tangu kabla ya Ramadhani. Wewe ukilala mchana, mimi nakwenda mpaka mti wa saba na kurudi." Sasa akageuka. "Unadhani sijui kwa nini unanitembeza? Mimi nilivunjika nyonga, sikuvunjika masikio. Hind na mumewe walisema nikisimama, unaenda. Nikaona, basi, nisisimame."

Kiarabu chote kilinitoka. Miezi ile yote. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu kuna watu wananingoja, kwamba na mimi nina miaka inayopita. Nikasema kwa Kiswahili, "Umenifunga, Sitti," na sijui alisikia nini, lakini uso wake ulibadilika. Alirudi peke yake mpaka kwenye kiti, akakaa, akanyoosha miguu. Tulisikia viatu vya Fahad kwenye mbao.

"Nifunike miguu," akasema.

Nikamfunika. Hapo daftari linasema hivi tu: "Leo tumeona miti. Baridi. Sitti ametembea. Nimemfunika." Nimeusoma mstari huo mara nyingi wiki hizi mbili. Ningeweza kuiacha shali chini. Ningeweza kumwambia Fahad, kijana mwenye heshima, angeniamini. Nilikasirika mpaka jioni. Lakini nilipomtazama pale kitini, mkono wake ulikuwa na unga mwekundu wa gome, na alikuwa ameufumba ili usidondoke. Mtu anayeogopa kubaki peke yake hakuibii kwa chuki. Aliniibia, ndiyo. Na mimi nilimtembeza kwa hila vile vile. Nikaona hatudaiani.

Tuliporudi tulishukia Jeddah, wiki moja kwa dada yake Sitti, mtaa wa kusini si mbali na Al-Mahjar, fleti yenye joto la mvuke na harufu ya samaki wa kukaanga. Sikumtembeza tena. Nilimpa uji, nikamwogesha, nikamsalimia vizuri. Siku ya tatu aliweka bakuli chini.

"Mbona hukumwambia Hind?"

"Miguu ni yako, Sitti," nikasema. "Si yangu kuisemea."

Akageukia ukutani. Uji haukunywewa, na nilipoubeba kurudi jikoni niliona nimeharibu kila kitu, na kiburi changu na maneno yangu ya busara.

Mchana walipakua sayadia, ule wali wa kahawia wa Jeddah na samaki mzima juu, sinia katikati ya zulia, watu tisa wameketi kulizunguka. Sitti alikuwa kitini pembeni kama kawaida, mimi nikiandaa sahani yake peke yake. Akaondoa shali. Akasimama. Dada yake alikuwa anasimulia habari ya jirani, akakatika katikati ya neno. Sitti alipita nyuma ya Fahad, aliyekuja nasi likizo, akapita nyuma ya Baba, akafika kwa Madam, akamgusa bega kwa goti.

"Sogea. Leo nakula na watu."

Dada yake akapiga kigelegele. Madam alilia na wali mkononi, "Mama! Mama, tangu lini?"

"Tangu msituni," Sitti akasema, akishuka taratibu kuketi. "Miti ile ina dawa." Hakunitazama. Alichambua mwiba kwenye samaki, kisha akamuuliza mkwewe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Na wewe, Abu Fahad, ulisema nini sebuleni, siku ile ya kahawa?"

Sitamsahau Baba kwa hili. Angeweza kusema hakumbuki. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi mlangoni na sahani yangu, akautazama wali. "Nilisema," akajibu. "Halas. Nilisema." Wiki mbili baadaye karatasi yangu ilitoka.

Asubuhi ya kuondoka Al-Malqa, dereva alikuwa ameshawasha gari. Sitti hakuja mlangoni. Nikarudi kwenye koridoo, nikamkuta amesimama kwenye mti wa kwanza, mkono juu ya mbao. Nilitaka kumwambia nimemsamehe, nikaona pengine yeye ndiye alitakiwa kunisamehe, nikachanganyikiwa, nikambusu kichwani kama wanavyobusu watoto wake.

"Yalla," alisema. "Nenda. Usiache njia."

Kwa hiyo sasa nimekaa na simu mkononi, na Madam anangoja wiki ya pili sasa. Nimefikiri sana kama nimwambie kwamba mama yake alitembea miezi mitatu kabla ya ile sayadia. Ni haki yake kujua, labda. Lakini nilishasema miguu haikuwa yangu kuisemea, na kifo chake hakikunipa ruhusa hiyo. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Kiarabu changu kimeota kutu, nilirudia mara tatu nikifuta.

"Madam Hind, Mungu amrehemu Sitti," nilisema mwishowe. "Pale kwenye koridoo tulikuwa tunatembea msituni. Milango ilikuwa miti. Wako wewe ulikuwa wa mwisho, na ndio ulikuwa mkubwa kuliko yote."